Jiko Lisilotaka Kwisha

Kambini, 2 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujauliza: nakula, nalala, na kile kikohozi kimeisha. Vumbi la huku bwawani tu ndilo limenizoea mpaka linaogelea kwenye chai yangu.

Karatasi iliyomo humu ni mchoro wa jiko lako jipya. Tafadhali usiikunje zaidi, dereva wa lori la vifaa ameshaikunja vya kutosha. Ukuta wa stoo unavunjwa. Sinki inabaki dirishani, jiko la gesi linahamia upande ule wa stoo, friji inasimama karibu na mlango wa uani. Katikati ya yote inasimama meza kubwa isiyogusa ukuta wowote. Hiyo ndiyo wanayoita kisiwa. Juu yake unakatia mboga, chini kuna droo za sufuria, na ng'ambo yake kuna stuli nne za watu kuketi wakupigie soga ukipika. Nimeichora na kuifuta mpaka wenzangu ofisini wananiuliza kama nimehama kutoka kwenye bwawa kwenda kwenye sufuria.

Najua utasema huhitaji. Mama, tangu Baba atutoke, kila nikija likizo nakukuta umesimama kwenye sinki unakula mkate na chai, kama mtu anayesubiri basi. Usinibishie, nimekuona kwa macho yangu. Miaka miwili! Wewe uliyekuwa ukipika, majirani wanakumbuka ghafla kwamba wana chumvi ya kukurudishia. Lile jiko la giza lingemtoa hamu mtu yeyote. Ukipata mahali pazuri utapika tena, hilo tu ndilo ninalolitaka.

Nimeongea na fundi seremala aliyetengeneza makabati ya zahanati. Watu wanamwita Fundi Taratibu. Naomba Mungu liwe jina la utani tu, maana nataka nikija mwezi wa saba nikute kazi imekwisha.

Simu unajua ilivyo, mtandao uko juu ya kilima na manyapara wamepanga foleni. Mpe barua dereva wa lori.

Kifungua mimba wako


Nyumbani, 11 Machi

Mwanangu Mhandisi,

Marahaba, mama. Mchoro nimeuona. Nimeugeuza juu chini, nikaugeuza tena, nikavaa miwani, ndipo nikajua sinki ni ipi. Sasa niambie, mtu mmoja mimi, kitanda kimoja, sahani moja, unanisimamishia meza ya kupokelea wajumbe! Hizo stuli nne nitaketisha nani, mijusi?

Fundi wako kaja. Taratibu si jina la utani, ni maelezo. Mrefu, mkimya, penseli sikioni, anavua viatu mlangoni hata ukimkataza. Nilidhani ataanza kupasua mbao. Wapi! Anasema yeye hakati ubao mpaka jiko "likaliwe" kwanza. Akaenda dukani akarudi na makaboksi ya televisheni na mafriji, akachora sakafu nzima kwa chaki, akajenga jiko lako lote kwa makaboksi. Droo ni boksi, kabati ni boksi, na hicho kisiwa chako ni maboksi sita yamefungwa kamba. Jiko la gesi na friji ndivyo vilivyo vya kweli. Halafu akakaa juu ya kopo la rangi akaniambia, "Haya Mama Mhandisi, pika."

Nikapika hewa. Nikakata kitunguu kisichokuwepo, nikakoroga sufuria tupu, najiona mwehu. Yeye anatazama miguu yangu na chaki mkononi. Mwishowe akasema, "Mtu anayekata hewa hatembei kama anayekata kitunguu. Siwezi kupima uongo." Basi nikaleta kitunguu. Kitunguu kikishakatwa utakifanya nini? Nikakikaanga. Nikatia nyanya, nikatia viazi, nikaona nibandike na mchele. Boksi la karibu na moto likaanza kufuka moshi, tukalizima kwa maji ya mchele. Chakula kilipoiva sikuona sababu ya kukitupa. Amekula sahani mbili. Mimi moja.

Sasa habari yenyewe: kisiwa chako kinazuia mlango wa friji. Unafunguka nusu tu, nikitaka kutoa maziwa naingiza mkono kama mwizi. Fundi amepima mara tatu ili asikuonee. Punguza.

Mama yako


Kambini, 20 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeona haya mpaka kwenye nywele. Nasimamia ukuta wa zege unaozuia mto mzima, nimeshindwa na mlango wa friji! Usimwambie mtu yeyote, na yule jirani wa ukutani hasa hasa.

Mchoro wa pili huu hapa, kisiwa nimekipunguza upana. Nafasi sasa inatosha kufungua friji, na wewe kupita, na hata kusimama kulalamika.

Kwa hiyo umekula wali? Sahani nzima? Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili. Mwambie Fundi makaboksi yanatosha, akate mbao.

Kifungua mimba wako


Nyumbani, 6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kisiwa kipya tumekijaribu, friji inafunguka vizuri. Lakini jua la asubuhi linanipiga machoni nikikata mboga. Kigeuze kielekee upande wa pili.

Halafu nina hofu na droo za sufuria, naona ziko chini mno. Au juu mno. Fundi anasema ni lazima nijaribu na sufuria zote, ndogo na kubwa, maana kila sufuria ina mwendo wake. Kwa hiyo juzi nilichemsha maharage kwenye ile kubwa, jana samaki kwenye ile pana, na leo supu. Yeye anaonja ili kuhakikisha. Kuhakikisha nini sijamuuliza. Ila ana ulimi, mwanangu! Akionja anafumba macho kidogo, anaandika kwa penseli kwenye boksi: "chumvi isogee karibu."

Maskini, mkewe alifariki zamani, anakula kibandani pale stendi.

Jirani wa ukutani amechungulia dirishani akauliza eti nani anavuta jiko kwenye nyumba hii. Nikamwambia anayevuta ni kisiwa. Ameondoka akicheka, mjinga yule.

Usiwe na haraka na mchoro. Ufanye vizuri.

Mama yako


Kambini, 9 Mei

Mama,

Shikamoo. Sikiliza, nimechoka. Ulisema jua, nikakigeuza kisiwa. Mchoro wa tatu ukauona, ukasema kikigeuzwa unampa mgongo anayeketi. Mgeni gani huyo wa mgongo? Nikakirudisha kama kilivyokuwa, nikakutumia wa nne, na ukasema huo ndio wenyewe, hujawahi kuona mchoro mzuri kama huo. Leo nimeuweka wa nne juu ya wa pili, nikauinulia dirishani. Mstari kwa mstari ni mchoro ule ule!

Mbao, kwa barua yako, zilishakatwa tangu katikati ya Aprili. Sasa unaniandikia mlango wa kabati umelegea. Wiki inayofuata droo inakwama. Wiki inayofuata bawaba inalia. Fundi gani anatengeneza kitu leo, kesho kimelegea? Naona huyu mzee kakuona uko peke yako, kajipatia mahali pa kula. Nimemwandikia mwenyewe.

Kifungua mimba wako


Kambini, 9 Mei

Kwa Fundi,

Salamu. Ni mimi, bintiye mwenye nyumba, niliyekupa kazi ya jiko. Nataka jibu la wazi: kwa nini kazi haiishi? Kama mbao zilikuwa mbichi, sema. Kama huwezi, sema pia, nitafute mwingine.

Mhandisi


Karakana, 18 Mei

Kwa heshima, Binti Mhandisi,

Salamu zako nimezipokea. Nami nakusalimu, na naitakia afya kazi yako ya bwawa.

Umeuliza kuhusu mbao. Mbao zilikuwa kavu. Nilizikausha mwenyewe juu ya dari la karakana, na ukinitia aibu kwa jambo lolote, lisiwe hilo. Viungo ni vya ulimi na gundi, ubao umeingia ndani ya ubao. Kisiwa hakitikisiki. Nimepanda juu yake mwenyewe na mama yako akapanda pia, tukasimama, hakikutikisika.

Umeuliza kwa nini kazi haiishi. Swali hilo naomba umuulize mama. Mimi nikitoka kazini huwa nimekaza kila kitu. Nikirudi asubuhi nakuta kimelegea. Sijawahi kumuuliza mtu, kwa sababu siwezi kumsema mtu ambaye nimekula chakula chake.

Malipo ya ziada sidai na sitadai.

Kuhusu kula, ni kweli nakula. Hilo nakubali.

Wako mtiifu,
Fundi


Kambini, 26 Mei

Mama,

Shikamoo. Jibu la Fundi limenichanganya kuliko swali langu. Eti anakaza, kisha vinalegea vyenyewe! Na mlikuwa mnafanya nini juu ya kisiwa, wazee wazima?

Basi, imetosha. Hapa kambini tuna seremala kijana, tunamwita Chapuchapu, alijenga bweni zima la vibarua kabla hatujamaliza kubishana rangi. Anakuja likizo na lori la wiki ya pili ya Juni. Ndani ya siku mbili atakuwa amekaza kila skrubu ya nyumba hiyo. Huyo Taratibu mshukuru, mwambie aende zake.

Kifungua mimba wako


Nyumbani, 31 Mei

Mwanangu, usimtume!

Usimtume Chapuchapu wala nduguye. Dereva wa lori nimemshika mkono hapa mlangoni, injini inanguruma, nimemwambia haondoki mpaka nimalize barua hii. Amekubali kwa sababu nimempa chakula.

Jiko limekwisha. Lilikwisha zamani, hata ule mchoro wako wa nne haujafika. Ni zuri, mama, ni zuri mpaka asubuhi ya kwanza nililigusagusa kote kama mtoto. Fundi alikuwa anakusanya vifaa vyake. Akasema, "Kesho nitapita mara moja tu kuangalia kama kila kitu kimeshika, kisha ndiyo basi." Ile "ndiyo basi" ikanikaa kifuani siku nzima. Maana kazi ikiisha, ataingia humu kwa sababu gani? Mwanamume hawezi kuja tu nyumbani kwa mjane, watu wana midomo. Lakini fundi anakuja, nani atasema kitu? Fundi ni fundi.

Kwa hiyo nikachukua bisibisi, nikalegeza mlango wa kabati la juu. Mimi. Kesho yake akaja, akauona, akaona na bisibisi kwenye droo ya vijiko ina unga wa ngano kwenye mpini. Akakaza, akala, akaondoka. Siku ya pili nikalegeza droo. Akakaza, akala. Tukaenda hivyo. Yule jirani ananiambia, "Fundi wako hajui kazi," nami namwitikia, "Hajui kabisa, ndugu yangu, tutafanyaje."

Halafu siku moja nilisahau. Nilikuwa nimeshughulika na samaki, sikulegeza kitu. Akaja, akagonga hapa, akatikisa pale, kila kitu kimeshika. Nikasimama na mwiko, nasema leo ndiyo mwisho. Akazunguka kisiwa chote, akasimama mbele ya droo ya chini, akaitazama muda mrefu. Akasema, "Mama Mhandisi, droo hii siipendi inavyonitazama." Akaing'oa!

Ndipo nikajua hata yeye.

Hatujasema lolote, usije ukawaza mengine. Ninapika, anakula, tunaongea. Juu ya kisiwa tulipanda kupima nguvu, na nilicheka mpaka nikashuka kwa kukaa. Mwanangu, sikumbuki mara ya mwisho nimecheka hivyo. Basi umejua. Niandikie.

Mama yako


Kambini, 9 Juni

Mama,

Shikamoo. Chapuchapu nimemzuia.

Kuhusu hilo jingine sijui niseme nini. Baba hukuwahi kumruhusu hata kuvuka kizingiti cha jiko, ulikuwa unamtoa na mwiko. Huyu umemlegezea bawaba.

Nina kazi nyingi.

Kifungua mimba wako


Nyumbani, 17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hukuuliza hali yangu, lakini nakujibu.

Baba yako nilimfukuza jikoni kwa sababu alikuwa anafunua sufuria kila dakika, wali ukawa hauivi. Alikuwa anarudi kupitia dirishani, anaiba viazi, nami najifanya sioni. Nilimpenda, wewe na ndugu zako mnajua. Sikuacha kupika kwa sababu jiko lilikuwa na giza. Niliacha kwa sababu nilikuwa nikipika, nakaa na sahani mbele yangu, chakula kinanishinda. Mkate unaliwa umesimama, unaisha upesi.

Barua yako nilimsomea Fundi. Najua si vizuri, lakini nilimsomea. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akakaza kila mlango na kila droo, hata vile ambavyo havikulegea. Akafagia. Akasema, "Kazi aliyenipa ni binti yako, na bila neno lake sitaingia tena hapa. Jiko limekwisha, Mama Mhandisi." Akavaa viatu.

Tangu siku hiyo hajaja. Sijalegeza kitu, hakuna wa kukikaza. Jana nimekula mkate.

Sikulazimishi. Wewe ni mwanangu wa kwanza, na neno lako ninalitaka kuliko hilo jiko. Lakini uliniandikia ukasema unataka nipike tena, hilo tu. Nilipika. Ukisema hapana, nitanyamaza na hutasikia habari hizi tena. Ila usinipe jibu la "nina kazi nyingi." Nipe neno moja, mama, ndiyo au hapana.

Mama yako


Kambini, 25 Juni

Kwa Fundi,

YAH: KUSITISHWA KWA KAZI

Rejea kazi ya ujenzi wa jiko uliyopewa na mimi mwezi Machi.

Baada ya kufikiria kwa kirefu, na kulia kidogo nyuma ya bohari la saruji ambako nilidhani hakuna mtu, kumbe Chapuchapu alikuwepo, nakuarifu kwamba kuanzia siku utakayopokea barua hii huna kazi yoyote katika nyumba ya mama yangu. Haturuhusu ukaze, upime, upige randa wala uguse skrubu hata moja. Ukionekana na penseli sikioni utarudishwa.

Iwapo utapenda kufika tena, basi ufike kama watu wengine wanavyofika kwa watu. Vaa shati. Pita mlango wa mbele, bisha hodi, useme umekuja kumtembelea. Midomo ya watu niachie mimi. Nitakuja mwezi wa saba na nitaanza na jirani wa ukutani.

Huyo mama anapenda kuongea akipika, usimkatize. Wala usifunue sufuria.

Nakala ya barua hii amepewa mama, kama jibu lake.

Shikamoo.

Mhandisi


Nyumbani, 4 Julai

Mwanangu, mama yangu, mkubwa wangu,

Marahaba mara mia! Nakala nimeipata, nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye stuli yako.

Amekuja leo. Shati jeupe, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mkononi tikiti maji, sikioni hana kitu. Akabisha hodi mlango wa mbele. Sasa wewe unajua mlango ule, ni nani anayepita huko? Wote tunapita uani. Umevimba kwa mvua, haufunguki. Nikavuta, wapi. Nikapiga kelele, "Zunguka uani!" Akanijibu kutoka nje, taratibu vile vile, "Nimeandikiwa mlango wa mbele."

Nikamwambia basi usukume. Akasema haruhusiwi kugusa kitu cha mbao kwenye nyumba hii. Tukabishana pale kupitia tundu la ufunguo, jirani wa ukutani katoka na kiti kabisa ameketi. Mwishowe ni mimi niliyesukuma kutoka ndani, kwa bega, na mlango ukaanguka wote nje na bawaba zake. Nusura umguse. Akaukanyaga, akasimama kizingitini na tikiti lake, akasema hodi upya kama hakuna kilichotokea. Nikasema karibu.

Aliutazama ule mlango, mkono ukamwendea sikioni kutafuta penseli. Nikamkataza. Nimemwambia leo hana kazi, nyumba ilale wazi.

Nilitaka nikuandikie mengi, lakini itabidi unisamehe, barua ni fupi. Nina mgeni.

Mama yako